Zimwi Lililosusiwa Kitopeni

Hamchoki nyinyi? Tangu asubuhi nimepura mpunga, kiuno hakinyooki, na bado mmenizunguka kama kuku walioona pumba. "Bibi, hadithi. Bibi, hadithi." Mama zenu waliwazaa ili mimi niwalaze? Haya, kaeni. Wewe futa kamasi kwanza.

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ndiyo sauti? Wali mmeumaliza, sauti mmeipeleka wapi? Paukwa!

Pakawa!

Kaondokea mji, mji wa Kitopeni, tope hadi magotini, mpunga hadi mabegani.

Watu wa Kitopeni hawakuwa wakipigana. Si kwamba walikuwa wema, midomo yao ilikuwa pilipili tupu. Lakini zamani babu zao waligombea mfereji wa maji, wakakatana mapanga, mpunga ukaiva ukakosa wa kuuvuna, ndege wakala wote. Waliobaki wakala kiapo: mtu wa Kitopeni hainui mkono kumpiga kiumbe. Kuku hawakuhesabiwa.

Basi siku moja likaja zimwi. Halikuwa kubwa, kimo chake kama cha mbuzi. Likaketi kwenye baraza ya Jumbe Kombo, mkubwa wa mji. Jumbe akainama, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba," likajibu zimwi. Papo hapo likarefuka shubiri moja.

Watu wakaona kwa macho yao. Lakini kumpita mgeni bila salamu hawakujua wafanyeje, ndivyo walivyolelewa. "Shikamoo." "Marahaba." Likarefuka. "Shikamoo." "Marahaba." Likarefuka. "Shikamoo." "Marahaba." Hadi jioni kichwa kimetoboa paa la Jumbe.

"Nina njaa," likasema.

Siku ya kwanza wakalipikia mbuzi wawili. Siku ya pili, mbuzi wawili. Siku ya tatu, mbuzi watatu na sufuria ya wali. Siku ya nne zimwi likajichokonoa meno, likasema, "Mbuzi wamenikinaisha. Ijumaa nileteeni Mboni wa Mwanamize. Yule amenona."

Mwanamize alikuwa mjane, na mtoto alikuwa naye huyo mmoja tu, wa miaka saba. Alikuwa akitwanga. Aliposikia, mchi ukamtoka mkononi. Akaenda moja kwa moja kwa Jumbe Kombo.

"Jumbe, unasemaje?"

"Nasema tusilikasirishe. Sisi ni watu wa amani."

"Mwanangu akiliwa ndiyo amani?"

"Ni mtoto mmoja, Mwanamize. Fikiria mji."

"Basi mpeleke wako."

Jumbe akakohoa. "Wangu amekonda."

Huko nje akamkuta mdogo wake, Mwinjaka, ananoa panga.

"Mwinjaka, una kiapo. Utafukuzwa mji."

"Nifukuzwe nikiwa bado mjomba, dada."

Akaenda, akalikuta zimwi limejilaza, akalikata begani kwa nguvu zake zote. Damu haikutoka. Jeraha likafunguka, likaota meno, likawa mdomo wa pili. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Na mimi nina njaa."

Mwinjaka akanyanyua panga tena. Mwanamize akamshika mkono. "Acha. Unaniongezea walaji."

Basi Alhamisi Mwanamize hakulala wala hakula. Kupiga kumeleta mdomo. Kunyenyekea kumeleta kimo. Akakumbuka mwaka wa mafuriko, alipomtukana mama mkwe wa Jumbe tena msibani. Mji ulimsusia mwezi mzima. Hakuna wa kumsalimu, hakuna wa kumpa kaa la moto, hakuna wa kumsuka nywele. Hakupigwa hata kofi moja, lakini alikonda mpaka kanga ikamzunguka mara mbili.

Akapita nyumba kwa nyumba. "Kiapo kimekataza kupiga. Hakikusema tulipikie. Hakikusema tuliamkie. Kesho zimwi hatulioni."

"Na likitula?" wakamwuliza.

"Linaweza. Sijawaahidi kitu. Lakini sasa linatula huku tunalipepea."

Ijumaa zimwi likaamka. "Yuko wapi Mboni?"

Mwanamize akapita mbele yake na ungo kichwani, Mboni kamshika upindo wa kanga, anatafuna muwa.

"Wewe mwanamke, nasema nawe."

Mwanamize akamgeukia jirani. "Jua la leo, shoga."

"Kali," akajibu jirani.

Zimwi likapungua shubiri moja. Likakasirika, likavunja maghala matatu. Likang'oa paa la Mwanamize, likalitupa mtoni. Mwanamize akalitazama paa lake likienda na maji.

"Upepo, shoga."

"Upepo."

Likapungua. Likapiga kelele, likapungua. Likatukana, likapungua. Adhuhuri lilikuwa na kimo cha mtu, na watu walianza kupumua.

Mara likavimba. Kufumba na kufumbua limepita mapaa, likainama, likamnyakua Mboni.

Mwanamize akataka kupiga yowe, akajiuma mkono. Nani kaliamkia? Akatega sikio. Nyuma ya ghala la Jumbe kulikuwa na mnong'ono: "Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Mbuzi wangu uwaache, baba."

Huko juu midomo miwili ilikuwa inagombana.

"Naanza mimi, mimi mkubwa."

"Wewe umekula mbuzi saba. Mimi tangu nizaliwe sijaonja."

Mwanamize akachota donge la wali wa moto kwenye sufuria ya jirani, akazunguka ghala, akamshindilia Jumbe kinywani. Kumlisha mtu si kumpiga. Jumbe akatoa macho, akatafuna, salamu zikakatika. Kila alipomeza, Mwanamize akamwongeza donge.

Zimwi likanywea. Kiganja kikawa kidogo, Mboni akateleza, akaangukia kwenye pumba, akauliza muwa wake uko wapi. Jua likizama, zimwi lilikuwa kama kifaranga, linalialia katikati ya uwanja, na hakuna anayelitazama.

"Mmeona?" akasema Mwinjaka. "Bila ule mdomo wa pili nilioufungua mimi, mtoto angeshaliwa. Panga lilisaidia."

"Nyamaza ufungashe," akasema Mwanamize. Kiapo ni kiapo. Mwinjaka akahama msimu mmoja, akarudi ameshiba kuliko alivyoondoka.

Ngano yangu naitua hapa, mwenye kuibeba aibebe. Mnauliza funzo? Kutopiga si kupiga magoti. Na asiyepiga ajue atapoteza paa, na mji mzima lazima ukae kimya pamoja, akivuja mmoja mmekwisha. Zimwi la aina nyingine labda lingewala wote, na nisingekuwapo kuwasimulia. Sijui. Mimi nalijua hili la Kitopeni tu.

Na Jumbe Kombo? Alilipa. Walimvua ujumbe, mbuzi wake wote akapewa Mwanamize, kisha wakampandisha kwenye dungu shambani akafukuze ndege yeye na lile zimwi, mavuno saba, moja kwa kila mbuzi aliyeliwa. Zimwi limebaki na sauti ya kifaranga, ndege wakilisikia wanadhani ni mwenzao, wanashuka kwa wingi zaidi. Kwa hiyo anayepiga kelele kutwa nzima ni Jumbe. Msimu wa tatu sauti ilimkauka. Bado minne.