Jina Moja Kwenye Kona ya Chipu

Hapo zamani, si zamani ya wafalme, ni ya juzijuzi tu, palikuwa na kiwanda cha chipu za kompyuta katika mji wa milimani wenye mvua na migomba. Kiwanda kilikuwa kinakufa. Chipu zilitengenezwa, zikapimwa, zikakutwa mbovu. Zikatengenezwa nyingine, zikapimwa, zikakutwa mbovu. Wateja wakahama. Wenye hisa wakamwondoa mkurugenzi, wakamleta mwanamke aitwaye Tumpe, wakamwambia, "Punguza nusu ya watu, la sivyo tunafunga."

Kiwandani alikuwamo Mzee Ambakisye, kiongozi wa kwaya ya wafanyakazi. Mkewe, Lugano, ndiye aliyekuwa akisimamia chumba safi, kile zinamochongwa chipu, ambamo hata vumbi la nguo haliruhusiwi. Lugano alipofariki, wenzake waliingia humo, wakavua barakoa, wakamwimbia wimbo wa kanisani alioupenda. Tangu hapo wakawa wanauimba humo kila asubuhi kabla ya kazi. Kaburi lilikuwa mbali, kwao Lugano. Chumba kilikuwa karibu.

Tumpe hakupunguza mtu. Alipita kila idara, akaketi, akauliza swali lile lile: "Kuna jambo gani mnalijua na hamjawahi kulisema? Atakayesema hafukuzwi. Wakitaka kumfukuza, waanze na mimi." Wenye hisa walipopiga simu, aliwajibu hivyo hivyo.

Akafika kwa mhandisi Lusajo. Lusajo akatazama sakafu.

"Mama, ni kwaya. Nimezitazama chipu mbovu kwa hadubini. Zina chumvi ya mate. Tunazitemea tukiimba."

"Umejua tangu lini?"

"Muda mrefu. Ningeanzaje kusema, Mama? Mimi mwenyewe naimba besi."

Wenzake wakamrukia. "Mpagani wewe!"

"Besi yenyewe inakushinda, ndiyo maana unataka kwaya ife!"

Tumpe hakupiga marufuku. Alimfuata Ambakisye.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Chumba ni cha kazi. Wimbo ni wenu, siwezi kuuzuia. Uamuzi nakuachia wewe."

Asubuhi iliyofuata Ambakisye alisimama mbele ya mlango wa chumba safi, kwaya nyuma yake, mkono kwenye kitasa. Alijua akiingia, wataingia wote. Akaachia kitasa. Akatoka hadi uani, kwenye manyunyu, akaanzisha wimbo. Wakamfuata, wakalowa.

"Mzee, utatuua kwa baridi!"

"Imbeni. Mate yenu yamwagilie migomba."

Chipu zikatengenezwa, zikapimwa, zikakutwa nzima. Mteja mkubwa akarudi, akaagiza chipu ya aina mpya.

Sasa, wachora chipu wana desturi yao. Kwenye kona huacha nafasi isiyoonekana kwa macho, wakachonga humo jina. Nafasi inatosha jina moja, na likishachongwa halifutiki. Wafanyakazi wakakusanyika kuamua ni la nani.

"Langu," alisema Lusajo. "Bila neno langu mngekuwa mnaimba kwenye magofu. Nimeitwa mpagani mbele ya wenzangu."

"Neno ulikuwa nalo, baba," alijibu Ambakisye. "Ulilikalia."

Mama mmoja wa idara ya kufungasha akapaza sauti: "La Tumpe! Nani mwingine aliwahi kutuuliza? Tena akaweka kazi yake rehani!"

"Mkurugenzi anaajiriwa ili aulize," Tumpe akasema. "Mzee, wewe je?"

Ambakisye akatikisa kichwa.

"Langu silitaki. Naomba liwe la Lugano. Nilibaki na mahali pamoja tu pa kumkuta. Nimepatoa."

Kisha Lusajo akasema kwa upole, "Lakini Mzee, Lugano mwenyewe angetufurusha siku ile ile ya kwanza. Humo ndani hakutaka hata tukohoe."

Ambakisye akacheka. Wengi hawakuwa wamemsikia akicheka tangu msiba.

"Kweli kabisa," akasema. "Angeanza na mimi. Ndiyo maana namwombea yeye."

Mchoro ulikuwa mezani, mashine inangoja, kona iko tupu. Tumpe akashika kalamu, akawatazama mmoja mmoja.

Nanyi mliosikia, mwambieni aandike nini. Lusajo alisema, ingawa alichelewa. Tumpe aliuliza, ingawa ndiyo kazi yake. Ambakisye aliachia kitasa, na jina analoliomba ni la mtu asiyekuwepo. Je, kona ile ilimstahili nani?