Nafasi Katika Muziki wa Kisaka

Mwalimu mmoja wa kwaya, Eliamini, alikuwa na mtoto mmoja tu, Kisaka. Mama alishafariki, wakabaki wawili. Kisaka alifanya kazi kwenye kiwanda cha magunia. Kutwa alisimama katikati ya mashine, masikio kayaziba kwa pamba, na msimamizi alimwita kwa namba iliyoshonwa kifuani. Akirudi nyumbani hakuwa na hata neno. Alijifungia chumbani na kompyuta yake kuukuu akatengeneza muziki: mdundo mzito, mngurumo wa vyuma, giza tupu.

Baba hakuupenda hata kidogo. Alikuwa amefundisha watu kuimba miaka thelathini, na kwake wimbo usioishia kwenye furaha ulikuwa na pepo ndani. Jumapili moja, baada ya ibada, akaileta kwaya nzima uani, sauti ya kwanza mpaka besi, waimbe mbele ya dirisha la kijana hadi huyo pepo atoke. Waliimba wakakaukiwa koo. Kisaka hakubishana na mtu. Alivaa spika ndogo za masikioni, na muziki wake haukusikika tena uani.

Watu walimpongeza mzee kwa ushindi. Kumbe alichoambulia ni ukimya. Walikula sahani moja bila kutazamana. Alikuwa na hamu na mwanawe, ilhali yuko hapo hapo, mikono yao ikigongana kwenye ugali. Hamu ile ilimuuma.

Jumamosi moja mchana uvumilivu ukamwisha. Aliingia chumbani, akaketi kitandani, akaomba spika moja ya sikioni. Akasikiliza kama alivyozoea kuwasikiliza wanakwaya wake, akingoja mwimbaji aingie. Mashine zilinguruma, ngoma ikapiga, kisha pakaachwa nafasi. Zikanguruma tena, nafasi ikaachwa tena. Hakuna aliyeingia. Akamuuliza mwanawe sauti ya mtu inaingia wapi.

"Hapo palipo kimya, baba. Hata mimi naisubiri."

Mzee alijua nyimbo zaidi ya mia tatu, na hapo hakupata hata mmoja wa kuingiza. Aliona aibu. Alibaki pale, bega kwa bega na mwanawe, mpaka muziki ukaisha, kisha akamwomba auanze upya.

Nanyi mnaokuja kwangu mimi mchungaji wenu kila wiki niwaombee watoto wenu waache kelele zao za giza, ni nani kati yenu aliyewahi kuketi nao akazisikiliza mpaka mwisho?