Hodi kwa Mkwaju wa Sultani

Katika enzi ambazo leo mchanga umezifukia, mji wa Simsimu ulitawaliwa na Sultani Ghalibu bin Tamimu, naye hakupenda farasi wala lulu, bali alipenda miti iliyozuiwa kukua, mikwaju na mitini mikongwe isiyozidi kimo cha birika, kila mmoja ndani ya bakuli lake la kaure, na wageni walioonyeshwa walishika vinywa kwa kustaajabu. Hakuna aliyethubutu kuuliza ilikotoka.

Mtunzaji wake alikuwa Ruzuna, binti yatima. Kazi yake ilikuwa kupogoa kwa mkasi na kupinda matawi kwa waya wa shaba, na sharti lake lilikuwa moja tu, asitamke neno mbele ya miti. Sharti hilo lilimtia hofu, maana kwao mtu hakati mti bila ya kuupigia hodi kwanza, na kwa miezi saba alikuwa akiimeza hodi hiyo kooni.

Siku moja kabla ya Idi, Sultani akamwambia, "Ewe Ruzuna, mkwaju ulioletwa mwisho umerefuka kilele. Ukate kabla ya adhuhuri, la sivyo nitakata kichwa chako."

"Nimesikia na kutii, ewe maulana."

Akapiga magoti, akafungua mkasi, na kwa mazoea ya kwao ulimi ukamponyoka: "Hodi."

"Karibu," ikajibu sauti ya mwanamume ndani ya majani.

Ruzuna akauangusha mkasi.

"Mimi ni Haidari, mfanyabiashara wa hariri," ikasema sauti. "Nilikula chakula cha Sultani, na jini wake akanipanda humu. Sote humu ni watu, bibi. Juzi ulinikata kidole. Leo ni shingo."

Ruzuna akaitazama mikono yake kwa kinyaa. Nje zikasikika nyayo za Sultani, na nyuma yake pumzi za kitu kisicho na nyayo. Hofu ikamfutia dua zote, asikumbuke ila adabu aliyofunzwa na mamaye.

"Bwana Haidari," akanong'ona, "umenikaribisha. Je, kwenu mwenyeji humpokea mgeni akiwa ameketi?"

"Hasha!" akasema, na kwa haya ya muungwana akainuka, na bakuli likapasuka na waya zikakatika na mizizi ikawa miguu. Ruzuna akakimbia bakuli kwa bakuli, "Hodi! Hodi!" na ukumbi ukajaa watu wenye udongo magotini.

"Ewe jini, wazuie!" akapiga ukelele Sultani mlangoni.

"Mwenyeji aliyesimama kumpokea mgeni, sina amri juu yake," akasema jini. "Lakini uliniapia, maulana, kwamba ukumbi huu hautakaa bila mti hata siku moja."

Watu wale waliofunguliwa wakampa Ruzuna nusu ya hazina, na Haidari akamwoa kwa harusi ya siku saba, ingawa mkono wake wa kushoto, aliokuwa ameupinda Ruzuna kwa waya, haukunyooka tena, na kila alipomkumbatia kwa mkono huo mkewe alilia. Nawe uliyenisikiliza, ukionyeshwa kizuri cha ajabu, uliza kwanza kimepatikanaje.

Ukumbini umebaki mti mmoja, mfupi na mnene, unaosema mchana kutwa, "Karibuni, karibuni." Hakuna anayeupigia hodi.