Aliyekataa Kuandika Kumi

Wapendwa, tulieni niwape habari za mama mmoja aliyekuwa mkuu wa kompyuta katika hospitali moja. Si hospitali ya hapa kwetu, kwa hiyo msianze kutazamana.

Kompyuta za hospitali ile ziliendeshwa na mfumo uitwao Linux. Ukitaka kuingiza programu mpya kwenye mashine za namna hiyo, zinauliza kwanza: hii inategemea nini, na hicho inachokitegemea kipo? Ni toleo lipi? Kikikosekana, zinakataa. Hazina aibu ya kukataa.

Siku moja mkurugenzi akaleta programu mpya ya chumba cha damu, ya kuchapa lebo za mifuko. Ilikuwa na rangi za kupendeza, na wageni wakubwa walikuwa njiani kuja kuizindua. Mama akaiingiza. Mashine ikagoma. Ikasema programu hii inategemea kipande kidogo cha programu kinachokaa chini yake, toleo la 1.10 au la baadaye, na hapa kipo cha 1.9.

Mkurugenzi akacheka. "Dada, hesabu ulisomea wapi? Moja nukta tisa si kubwa kuliko moja nukta moja sifuri?"

"Ingekuwa mizani ya dukani, sawa," mama akajibu. "Hizi zinasomwa kama Biblia. Sura ya kwanza mstari wa tisa, kisha mstari wa kumi. Chetu kiko nyuma."

"Basi weka hicho cha kumi."

"Nitakiweka. Ila programu ya maabara nayo inategemea hiki cha zamani. Nikikibadilisha bila kujaribu, maabara inaweza kusimama. Nipe muda nijaribu pembeni."

"Muda wa wapi, na wageni wanakuja kesho kutwa?" Mkurugenzi akasogeza kiti, akashusha sauti. "Si mashine inaangalia namba tu? Futa tisa, andika kumi. Itaamini."

Mmesikia? Kipande ni kilekile, kivishwe tu cheo kisichokuwa chake.

 Yule mama alikuwa na watoto shuleni, na alimjua bosi wake. Lakini akasimama. "Mashine itaamini, mkurugenzi. Mgonjwa je? Mimi siandiki."

Siku ileile akanyang'anywa funguo, akahamishiwa masjala kupanga mafaili. Akaitwa fundi mwingine, akaandika kumi. Programu ikafunguka, ikang'aa kwenye kioo. Wageni wakaja, makofi yakapigwa, keki ikakatwa. Wafanyakazi wenzake wakawa wanapita masjala kumshauri: "Si umeona inafanya kazi? Nenda kamwombe radhi yaishe."

"Radhi ya nini? Ya kukataa uongo?" Akaendelea na mafaili yake.

Ingekuwa wewe, ungestahimili? Wakati wote wanapiga makofi na wewe peke yako umenyamaza?

Haukupita muda, akaletwa leba mama mjamzito anayevuja damu. Muuguzi akabonyeza, lebo ikatoka. Jina lipo, tarehe ipo, lakini mahali pa kundi la damu pako wazi, maana kulijaza ilikuwa kazi ya kile kipande cha 1.10 ambacho hakikuwepo. Akarudia. Pako wazi vilevile. Ashukuriwe Mungu, muuguzi yule hakubahatisha. Wakaanza kupima upya kwa mkono, mgonjwa akizidi kuishiwa nguvu, mumewe ameegemea ukuta wa korido. Mama na mtoto waliokoka, lakini chupuchupu.

Mkurugenzi, jasho linamtoka, akamwamuru yule fundi aingize upesi kipande cha kweli, toleo la 1.10. Na hapa, wapendwa, nisikilizeni. Mashine ikajibu: hicho tayari ninacho.

Wakarudia. Tayari ninacho.

Cha kweli kimefika mlangoni, nao uongo unakiambia hakihitajiki!

Ikabidi mkurugenzi ashuke mwenyewe mpaka masjala. "Njoo utuokoe."

"Nitakuja," mama akasema, "lakini kwanza kamwambie ukweli yule mume pale korido."

"Unaniamrisha?"

"Nakuambia. Usipokwenda wewe, nakwenda mimi."

Mkurugenzi akaenda. Ndipo mama akafuta kumi ya uongo, akarudisha tisa. Papo hapo mashine ikakubali kwamba imepungukiwa, ikaomba kile ilichokikosa. Akajaribu pembeni na programu ya maabara, akaona vinapatana, akakiweka. Lebo zikatoka kamili.

Sasa sisi. Ni wangapi humu ndani tumeandikwa kumi? Ndoa imeoza, tunaandika kumi. Mtu hajasamehe, anaandika kumi na kushika kipaza sauti. Toba ikibisha hodi tunaijibu, tayari tunayo! Halafu tunashangaa kwa nini maombi hayatubadilishi. Mungu atakuongezea nini, na wewe umeshasema hujapungukiwa?

Msinitazame hivyo, leo sibembelezi. Nyinyi mnaojua kilicho chini ya kazi zenu, mnaoambiwa kila wiki, "Funika tu, wageni wanakuja," nawaambia kataeni. Kataeni ofisini, kataeni nyumbani, na hata humu kanisani, mkituona sisi wachungaji tunapaka rangi juu ya ufa, simameni mkatae mbele yetu. Mtaitwa wakaidi. Mtahamishwa. Haya, hameni! Lakini mkono wako usiandike. Wakinuna, wanune.