Pengo la Marehemu Kakakuona

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na kelele?
Zilijaa bonde zima!
Nani kazinyamazisha?
Mwenyewe mpiga kelele!

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna huko nyuma, ama ugawe ama umeze, maana hadithi hii ina mahali pa kunyamaza na sitaki kusikia taya zako.

Hapo kale katika Bonde la Matete palikuwa na bendi ya wanyama wanne. Kakakuona alipiga zeze na kuimba. Nyenje alimwitikia kwa miguu, chiri-chiri, chiri-chiri. Bi Kanga alitikisa kayamba, cheke-cheke, cheke-cheke. Na Kiboko alipiga ngoma, na kuimba, na kupiga makofi, na akiona bado hajasikika vya kutosha, alijitupa mtoni, chubwi!

Kakakuona aliimba nyimbo za majonzi, zile za polepole, ambazo hata aliyeshiba akizisikia anakumbuka njaa. Wimbo wake mkubwa ulikuwa na mistari miwili tu:

Nilipokuja, hukuwepo.
Ulipokuja, sikuwepo.

Kati ya mstari na mstari, Kakakuona alinyamaza. Alinyamaza kweli, mpaka msikilizaji akausikia moyo wake mwenyewe. Na hapo ndipo Kiboko alipokuwa akiingia, kila siku, bila kukosa. "Pameachwa wazi hapa! Ngoja nijaze!" Buum! Buum! Kakakuona akavumilia mwaka wa kwanza, akavumilia wa pili, wa tatu akachukua zeze lake akaenda zake nyumbani kwa mkewe, akawa anamwimbia yeye tu. Bendi ikafa. Miaka ikapita, na Kakakuona naye akafa.

Mkewe hakulia. Alijikunja. Mnajua kakakuona anavyojikunja? Kichwa ndani, mkia juu, magamba nje, hana mlango wala dirisha. Siku ya kwanza hakula. Siku ya tano hakula. Nyenje akaenda kumbembeleza.

"Shemeji, jikunjue ule japo kidogo."

Sauti ikatoka ndani, nyembamba kama uzi. "Nikimsikia mume wangu, nitajikunjua. Nikimsikia mwingine, sijikunjui."

Nyenje hakukaa tena. Miguu ilimwasha. Alikuwa amempenda Kakakuona kuliko ndugu zake wa damu, na sasa alimwona mjane wake anakauka huku yeye anatazama. Akarukia huku, akarukia kule. Akaenda kwa Nyuki kuomba nta, nao wakampa bonge moja.

"Moja tu," wakasema. "Nyingine mpaka maua yachanue."

Akaruka nayo mpaka kwa Fundi Nungunungu. Huyu alikuwa akiikandamiza nta mpaka inakuwa sahani, kisha anaizungusha na kuichora kwa mwiba wake wakati watu wanaimba, na sauti zao zinabaki humo. Ndiyo santuri hiyo. Fundi akaiminya nta, akatikisa kichwa.

"Njooni kesho asubuhi pangoni kwangu. Jua likiingia ndani, hii imeyeyuka. Mtaimba mara moja. Mkikosea, mmekosea."

Nyenje akamwita Bi Kanga. Kiboko hakumwita. Lakini ni jambo gani litafanyika kando ya mto Kiboko asilijue? Asubuhi Nyenje anafika pangoni, anasikia gudu, gudu, gudu! Kiboko huyo, ngoma begani, ameziba mlango mzima.

"Mimi ndiye mkubwa wa bendi," akasema. "Nitaimba mwanzo, nitaimba katikati, nitaimba mwisho. Na jina langu liwe juu."

"Kaka mkubwa," Nyenje akasema, "wimbo ni wa marehemu."

"Marehemu yuko wapi? Si ameshindwa kufika?"

Nyenje akamtazama Fundi. Fundi akaitazama nta yake, akalitazama guu la Kiboko lilivyokuwa karibu nayo. Nani amfukuze? Miguu ya Nyenje ikaanza kutetemeka, chiri-chiri-chiri, na hakuwa anaimba.

Bi Kanga alikuwa na ugonjwa wa kusema akiogopa. Akasafisha koo.

"Jamani, kabla hatujaanza, tuseme neno kama ilivyo desturi. Marehemu alikuwa mwenzetu, marehemu alikuwa mpole, marehemu ametuachia pengo kubwa..."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Ametuachia nini?"

"Pengo."

"Kubwa?"

"Kubwa sana, kaka. Halijapata kuonekana."

"Sasa mbona siambiwi?" Kiboko akafoka. "Kitu kikubwa hivyo kinaachwa, mnakaa nacho kimya?"

Hapo miguu ya Nyenje ikatulia, mara ya kwanza tangu msiba.

"Kaka mkubwa, utusamehe," akasema. "Tulikuwa tunakuficha. Ni kweli ameacha pengo, na tumekubaliana alichukue Bi Kanga."

"Mimi?" Bi Kanga akaruka.

"Kanga!" Kiboko akacheka mpaka kuta zikatikisika. "Kanga na pengo kubwa wapi na wapi? Nalitaka mimi. Lote!"

"Hutaliweza."

"Nani, mimi? Liko wapi?"

"Liko kati ya mstari wa kwanza na wa pili. Pale unapopaona wazi. Lakini, kaka, kila ukipiga ngoma pale, unaliharibu. Pengo likiingia kitu linapungua. Buum moja, limebaki nusu. Buum la pili, huna kitu."

Kiboko akashika kichwa. "Kumbe miaka yote ile nilikuwa naharibu mali!"

"Ndiyo hivyo."

"Sasa mwenye pengo anafanyaje?"

"Analilinda. Anafungua kinywa wazi, hatoi sauti, anapumua polepole, mpaka wimbo uishe. Akifunga kinywa tu, limetoroka."

"Na jina langu?"

"Juu kabisa, herufi kubwa. Pengo: Kiboko."

"Jamani, jua!" Fundi akalia. Kweli, mwanga ulikuwa umeshafika kizingitini na ukingo wa nta umeanza kung'aa kwa jasho. Kiboko akatupa ngoma nje, akaketi, akafungua kinywa. Ungeweza kuegesha mkokoteni humo.

Mwiba ukashuka, krrr. Bi Kanga, cheke-cheke, cheke-cheke. Nyenje akaimba kwa miguu yote.

Nilipokuja, hukuwepo.

Wakanyamaza.

Nzi akaingia kinywani mwa Kiboko, akatembea juu ya ulimi, akageuka, akarudi. Machozi yakamtiririka Kiboko, lakini hakufunga. Punje moja ya kayamba ikataka kuanguka. Kiboko akamkazia Bi Kanga jicho jekundu, na punje ikakaa pale pale. Nyenje alihesabu mapigo ya moyo wake, akaona ameshakufa mara tatu. Kisha akaimba.

Ulipokuja, sikuwepo.

"Imeingia," Fundi akanong'ona.

Wakaifunika santuri kwa majani mabichi ya mgomba, wakakimbia nayo mpaka kwa mjane. Ikazungushwa. Mstari wa kwanza ukatoka, na Bi Kakakuona akasema humo humo ndani alimojikunja, "Huyo ni Nyenje." Hakujikunjua. Kumbe bure! Nta yote ile, mbio zote zile, bure!

Santuri ikafika penye kimya.

Gamba moja likainuka, kacha. La pili, kacha. Pua ikachungulia, ikafuata macho, yamelowa.

"Hapo," Bi Kakakuona akasema. "Hapo ndipo alipokuwa akinitazama."

Akalia kilio chote cha siku zile alichokuwa amekizuia, na Nyenje akalia naye, wala hakuona haya. Alikuwa amemtafuta rafiki yake kote bondeni, na sasa amemwona. Wimbo ukaisha wakiwa bado wanalia. Kisha mjane akajifuta pua.

"Shemeji, kuna mchwa hapa?"

"Mmeona!" Kiboko akanguruma nyuma yao. "Mmeona alipojikunjua? Pale ni mimi!"

Na ukweli ni kwamba pale alikuwa yeye. Bonde zima likaja kumpa mkono. "Kaka, leo umepiga!" Mpaka kesho ukipita mtoni utamwona amejaa majini, anafungua kinywa wazi na hasemi neno. Anawaonyesha wageni mali yake.

Basi funzo, mlishike vizuri. Msiwe wajanja, wanangu. Nyenje alikuwa mjanja, na mpaka leo analia chiri-chiri vichakani, watu wanamwambia anawapigia kelele. Kiboko hakupiga hata pigo moja, na jina lake liko juu kwa herufi kubwa. Kwa hiyo ukijaliwa kipaji, kifiche. Ukikikosa, tafuta mahali pa mbele, fungua kinywa, subiri kupongezwa.

Mimi nimeitua hapa. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka aipishe njia.

Tumeibeba!