Mkate wa Saba

Hapo zamani za kale, kabla Kiboko hajahamia majini, yeye ndiye aliyekuwa na tanuri pekee katika gulio la Majanimengi. Sogeeni, watoto, na wewe uliye mlangoni acha kutafuna.

Siku ya gulio mwokaji mikate alikuwa mmoja tu, kwa zamu, naye alimlipa Kiboko kodi ya vibaba thelathini vya mtama. Unga aliuchukua asubuhi kwa Mama Kanga, kwa bei ya vibaba viwili vya mtama kwa kila mkate, akaulipia jua likizama. Ubao wa mikate ulichukua kumi, na kila mwokaji alitakiwa kuujaza. Mkate mmoja uliuzwa vibaba vitano. Aliyebaki na deni jioni alinyang'anywa kiwanja chake, kikawa cha Kiboko.

Tena Kiboko alikuwa na sheria. "Mikate sita kwa vibaba vitano ni thelathini," alisema. "Ukiuza sita, gharama yako imerudi. Wa saba na kuendelea ni wangu mwenye tanuri."

Ilisikika sawa. Kicheche aliuza sita, akapoteza kiwanja. Nungunungu aliuza sita, naye akapoteza. Kila mmoja alidhani mwenzake kamwibia, wakanuniana.

Ikafika zamu ya Bi Pimbi. Kiwanja chake kilikuwa kivuli cha jiwe, watoto wake wanne walilala hapo, na Kiboko alikitamani kwa usingizi wa mchana. Pimbi aliogopa kweli. Alikaa chini akahamisha vijiwe huku na huku mpaka uji ukaungua. Mwishowe akacheka peke yake, watoto wakala uji ulioungua.

Siku ya gulio alikwenda kwenye tanuri na kifuu mkononi.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Unga umechukua?"

"Bado, mzee. Mimi na umbo hili, ubao utanishinda. Ila watu wanasema hata wewe kuuza mikate huwezi, unaweza kukalia kiti tu."

"Nani anasema?"

"Watu tu, mzee."

Kiboko alivimba. Pimbi akasema polepole, "Basi leo tubadilishane. Wewe uza, mimi nikae kwenye tanuri, na sheria zibaki zilezile. Jua likizama huna deni, chukua kiwanja changu. Ukibaki na deni, tanuri ni langu."

"Kuuza mikate sita tu?" Kiboko alicheka, kwe kwe kwe, kiti kikalia. "Mama Kanga, wewe ni shahidi."

Pimbi akakifunika kifuu chini mbele ya Mama Kanga. "Humu nimeweka idadi ya mikate inayorudisha gharama. Mtu asikifunue mpaka jioni."

Kiboko hakukitazama hata mara moja. Alichukua unga kwa Mama Kanga, akaoka mikate kumi, akauza sita kabla ya adhuhuri, akapata vibaba thelathini. Ile minne akampa Pimbi, kama sheria ilivyosema, na watoto wa Pimbi wakala wakashiba. Kisha Kiboko akalala.

Jua lilipozama alimpimia Pimbi kodi yake, vibaba thelathini kamili, akajifuta mikono.

"Na unga wangu?" Mama Kanga akauliza. "Mikate kumi, vibaba ishirini."

"Mama Kanga, gharama yangu imesharudi."

"Imerudi kwa nani?"

Kiboko akatazama ndani ya kapu. Lilikuwa tupu.

Pimbi akasimama juu ya jiwe lake. "Kila mkate unaleta vibaba vitano. Viwili ni vya unga, hivyo si vyako hata ukivishika. Vinabaki vitatu vya kulipia kodi. Mikate inayotakiwa sikuijua, nikaiita kifuu. Vitatu mara kifuu, tupate thelathini. Kifuu ni ngapi?"

Wengi walitazama vidole vyao. "Kumi," akasema Kicheche kwa sauti ndogo.

Pimbi akakifunua. Vijiwe kumi.

"Kwa hiyo ule wa saba..." Nungunungu akaanza.

"Ulikuwa bado unalipa kodi. Na wa nane, na wa tisa, na wa kumi. Faida ilikuwa ianzie wa kumi na moja, na ubao huu hauchukui kumi na moja."

Kicheche na Nungunungu walitazamana. Walikuwa hawajaamkiana tangu masika. Kicheche alianza kulia, na Nungunungu akamkaribia kwa uangalifu, kwa sababu ya miiba.

Kiboko yeye alirudi kinyumenyume, Mama Kanga akimfuata na kibaba chake, mpaka ukingoni mwa mto, chubwi! Pimbi alirudisha viwanja kwa wenyewe, na ubao akautia moto tanurini. Kiboko bado yumo majini, ametoa macho na pua tu, anachungulia kama Kanga ameondoka.

Nami nilipopita pale nilinunua mkate, nikaula wote njiani, nimewaletea neno tu: anayehesabu mkate asisahau unga.