Nyota Moja, Jina Moja

Hadithi naileta mbichi, kuipika ni kazi yenu. Haina sungura wala fisi, wala mfalme aliyepotelewa na binti. Ina kompyuta moja ya mezani, ya zamani, iliyowekwa chumba cha uani katika nyumba moja ya Chumbageni, Tanga, na watu watatu waliopendana kwa namna yao. Mmoja wao atakufa. Nawaambia mapema, asije mtu akanilaumu baadaye.

Wa kwanza ni Mwalimu Mbaruku, aliyefundisha fizikia sekondari. Kipaji chake kilikuwa kuazimisha. Baiskeli yake alikuwa akikutana nayo njiani ikiendeshwa na wengine, naye akaipungia mkono. Kitu kikilala bila kazi, yeye hakupata usingizi.

Wa pili ni dada yake, Bi Mwanakombo, muuza barafu za ukwaju, aliyeishi upande wa pili wa ukuta. Kipaji chake kilikuwa ahadi. Akisema atafanya, atafanya, hata kama atanung'unika tangu mwanzo mpaka mwisho. Na kwa kunung'unika hakuwa na mpinzani mtaa mzima.

Wa tatu ni Bi Hidaya, mke wa Mwalimu. Kipaji chake watu hawakukijua jina, maana kilikuwa kukaa. Mgonjwa akilazwa, wengine huleta machungwa, wakauliza hali, wakaenda zao. Hidaya hukaa. Hana maneno mengi, hana dua ndefu, lakini ukifumbua macho utamkuta palepale. Hadithi hii inamfuata yeye.

Mbaruku na Hidaya hawakujaliwa mtoto. Lishikeni hilo, tutalihitaji.

Siku moja Mwalimu alisikia kuwa kuna wanasayansi ng'ambo wanaosikiliza anga kwa madishi makubwa kuliko viwanja vya mpira. Sauti walizozikusanya zilikuwa nyingi mno, mashine zao peke yake hazikuweza kuzichambua. Basi wakaomba watu wa kawaida wawaazime kompyuta za nyumbani. Mwenyewe akiwa haitumii, kompyuta inaletewa kipande kidogo cha sauti za anga, inakipigia hesabu, inarudisha jibu. Malipo hakuna. Mwalimu Mbaruku aliposikia "kuazima" hakungoja la pili.

"Kompyuta yangu inalala kutwa kama paka," akamwambia dada yake. "Bora itafute nyota."

Wanasayansi wale walipomuuliza aandikwe kwa jina gani, akaacha wazi. "Jina la nini sasa?" akasema. "Tukipata kitu ndipo tutajua la kuandika." Kisha akamwomba Mwanakombo, "Nikiwa sipo, mdogo wangu, usiache ikazimika." Mwanakombo akasema haitazimika. Lakini Mwalimu hakumwambia mkewe kitu. Si kwamba alimficha. Alidhani atamweleza siku wakitulia, na watu wa ndoa mnajua siku hiyo ilivyo nzito kuja.

Haikuja. Presha ilimwangusha Mwalimu akiwa ubaoni, na kabla ya alasiri alikuwa amekwisha kuwa marehemu.

Hidaya hakulia. Wanawake walisubiri alie ili wamshike, wakachoka kusubiri. Alikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi ya kung'olewa jino: shavu lipo, ukiligusa unajua ni lako, lakini halisemi kitu. Alipewa chai akanywa. Alipewa nguo nyeupe akavaa. Akaingia eda, akaketi chumba cha uani, na mbele yake ile kompyuta inanguruma.

"Zimeni hiyo," jamaa mmoja akasema siku ya khitma. "Nyumba ina msiba."

"Iacheni," Hidaya akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo. Hakujua inafanya nini. Alijua tu kwamba mngurumo ule ulikuwapo Mbaruku alipokuwapo, na sasa umebaki mngurumo.

Lakini kioo cha kompyuta kikiwa cheusi humwonyesha mtu sura yake, na Hidaya alilelewa kwamba mwenye eda hajitazami kwenye kioo. Vioo vyote vya nyumba vilikuwa vimefunikwa. Naye akachukua kanga mbili, akaifunika kompyuta yote, juu na ubavuni, kama mtu amfunikaye mgonjwa wa homa. Akaona amefanya adabu. Kufika adhuhuri kompyuta ilikuwa inahema kwa sauti, na chumba kinanuka plastiki ya moto.

Hidaya akazivuta kanga, akakigeuzia kioo ukutani, akachukua kipepeo cha ukili na kuanza kuipepea. Hakufikiri chochote. Mkono ulikwenda wenyewe. Ilikuwa kaskazi, joto la Tanga lenye kulainisha mishumaa, na tangu siku hiyo kila jua lilipopanda alikaa kando yake akaipepea mpaka jua lishuke. Wageni walioingia kumpa pole walimkuta hivyo, wakatazamana. Wengine walisema amechanganyikiwa. Aliwasikia, wala hakuona uchungu wala haya.

Kisha ukaja mgao wa umeme. Sasa mtazameni Mwanakombo. Yeye alikuwa na sola na betri iliyoendesha friza yake umeme ulipokatika, na betri ile haikuwa na nguvu ya kulisha viwili. Mwanakombo alisimama mbele ya friza iliyojaa barafu, akaulaani mgao, akamlaani aliyevumbua nyota, akamsema kaka yake aliyekufa kama vile yuko sebuleni. Alipomaliza akauchomoa waya wa friza, akaupitisha mwingine juu ya ukuta, akaipa kompyuta. Simu yake akaiacha dirishani itoe intaneti. Barafu ziliyeyuka zote, uani kukawa kwekundu kwa ukwaju. Wanafunzi waliokuja mapumziko walikuta hakuna, wakahamia kwa Mama Salha wa kona ya pili, na hawakurudi.

"Nimeahidi," akamwambia Hidaya kupitia dirishani. "Nisingeahidi, ningekupeni giza."

Hidaya akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupepea.

Na ilikuwa wiki ileile, ya joto na mgao, ambapo kipande kimoja cha sauti za anga, kisicho kama vingine, kilitua katika kompyuta ile.

Habari ilifika eda ikielekea ukingoni. Kompyuta ilitoa mlio ambao haijawahi kuutoa. Mwanakombo akaja, akakigeuza kioo, na kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne akaanza kusoma, mara mbili, mara ya tatu.

"Wifi. Wamepata nyota."

"Nani?"

"Sisi! Nyota iliyokwisha kufa zamani, lakini bado inazunguka na kupigapiga kama mshipa wa shingo. Dunia nzima haikuwahi kuiona. Imeonekana hapa, kwenye kompyuta hii."

"Sawa," Hidaya akasema.

"Sawa? Nakuletea nyota, unaniambia sawa kama nimekuletea chumvi!"

"Wanataka nini?"

"Jina. Pembeni ya nyota wanaandika jina la aliyesaidia kuipata, na likishaandikwa halifutwi. Ila wanataka jina moja tu. Wasipolipata kufikia Ijumaa, wataandika 'asiyejulikana'."

Mwanakombo akavuta kiti. "Si jambo la kufikiri. Tunaandika Mbaruku. Hakuacha mtoto, wifi. Nani ataitwa kwa jina lake? Mimi na wewe tukifa, nalo limekufa."

Hidaya akaitikia kwa kichwa. Lilikuwa neno la haki, na yeye hakuhisi kitu.

Vidole vya Mwanakombo vikafika kwenye kibao cha herufi, vikasita. Akavirudisha mapajani, na macho yakamjaa machozi.

"Mungu ananiona," akasema. "Nami nataka liwe langu. Kaka aliwasha, akaenda zake. Aliyebaki na mzigo ni mimi. Mtaani wananiita mlisha kompyuta ya maiti. Ningependa siku moja waone nililisha nini." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Wewe usinielewe vibaya, wifi. Umeteseka, najua. Lakini hukujua hata inafanya nini. Ungeipepea hata ingekuwa friji bovu. Kila jambo na nia yake."

Hapo ganzi ikaachia. Haikuachia mahali pote, iliachia mahali pamoja, na palipoachia paliuma.

"Nilikuwapo," Hidaya akasema.

"Nani kasema hukuwapo?"

"Andika Hidaya."

Mwanakombo akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Unamnyima marehemu? Mumeo?"

"Marehemu alikwambia wewe. Mimi hakuniambia kitu. Mimi aliniachia mngurumo tu, nikakaa nao." Mwenyewe akaishangaa sauti yake. "Tangu azikwe sijataka kitu chochote. Si chakula, si kulala, si kulia. Hiki nakitaka. Naona aibu, lakini nakitaka."

Na Hidaya akalia. Alilia kwa sauti, kilio kilichochelewa, hata Mama Salha wa kona ya pili akaacha wateja wake na kuja mbio. Alikuta mawifi wawili wameshikana na kompyuta inanguruma, wala hakuelewa msiba ni wa nani.

Basi jamani. Pasingekuwa na Mbaruku, ile kompyuta ingelala kama paka, na nyota isingetafutwa. Lakini nyota ilipoonekana, yeye alikuwa chini ya udongo. Pasingekuwa na Mwanakombo, kompyuta ingezimika siku ya kwanza ya mgao. Yeye alijua anachokifanya na akakilipia kwa riziki yake, ila kompyuta haikuwa yake na wazo halikuwa lake. Pasingekuwa na Hidaya, kompyuta ingezimwa siku ya khitma, na kama si khitma, ingeungua kwa joto la kaskazi. Lakini alipepea bila kujua, na ni yeye huyohuyo nusura aiue kwa kanga mbili. Mmoja alikuwa na nia, hakuwapo. Mmoja alikuwapo, hakuwa na nia. Mmoja alikuwa na vyote viwili, lakini alikuwa akitimiza neno la mtu mwingine.

Leo ni Alhamisi. Wanawake wawili wamekaa chumba cha uani, kioo kimegeuzwa kuwaelekea, na kwenye kioo pana nafasi tupu ya jina moja. Mwanakombo kamwambia Hidaya aandike atakalo. Hidaya, aibu ikimrudia, kamwambia Mwanakombo achague yeye. Hakuna aliyenyoosha mkono, na kesho ni Ijumaa.

Nawe uliyekaa nasi tangu mwanzo, sogea. Kiti hiki hapa, kibao cha herufi hiki hapa, na wote wawili wanakutazama. Utaandika la nani?